Farasi Karen, kazi Upper Hill: kisa cha miadi iliyoahirishwa hadi ukwato ukapasuka

Kisa hiki ni cha mhasibu mmoja wa kampuni ya bima huko Upper Hill, Nairobi, na farasi wake anayelala katika mabanda ninayoyasimamia Karen. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike mradi nisimtaje jina, na saisi anayemhudumia farasi huyo amesomewa kila kinachomhusu akakubali. Farasi nitamwita kwa jina lake la bandani, Kusi. Ni dume aliyehasiwa, wa miaka minane, aliyestaafu mbio za Ngong akanunuliwa na mama huyu kwa akiba yake mwenyewe.

Mambo yalipoharibika, karibu kila mtu bandani alisema yale yale: mama huyu hana muda wa kufuga farasi, auze. Sikukubaliana nao wakati ule, na baada ya kuufuata mwaka mzima wa Kusi tarehe kwa tarehe, sikubaliani nao hata sasa. Muda alikuwa nao, mdogo lakini wa kutosha. Kilichokosekana ni ruhusa. Hakuna mtu bandani aliyekuwa na haki ya kuamua jambo lolote mwenye farasi asipokuwapo, na yeye, kama mwajiriwa yeyote, mara nyingi hakuwapo.

Siku mbili zinazoanza na kwisha pamoja

Kazi ya mama huyu ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za mwisho wa mwezi, vitabu vinapofungwa, hakuna anayetoka mapema. Kutoka Upper Hill hadi Karen si mbali, lakini Barabara ya Ngong jioni haimhurumii mtu, na akifika bandani giza limeshaanza kuingia. Hapa karibu na ikweta jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima. Wenye farasi wa Uingereza, ambao ushauri wao ndio tunaousoma sana, huwa na jioni ndefu za kiangazi ambapo fundi wa kwato anaweza kumhudumia farasi baada ya mwenyewe kutoka kazini. Sisi hatuna hata jioni moja ya namna hiyo. Saa za mwajiriwa na saa za fundi ni zile zile.

Inabaki Jumamosi, na hapo ndipo wengi hukwama. Mafundi wa kwato wanaoaminika Nairobi ni wachache na kila mmoja ana mzunguko wake. Wikendi ndiyo siku ya polo kule Jamhuri, mbio za Ngong kwa kawaida huwa Jumapili, na siku zinazotangulia mbio fundi yuko kwenye mabanda ya wakufunzi akiwabadilishia farasi wa mbio viatu. Mwajiriwa anayeomba Jumamosi anaona ameomba siku nyepesi, kumbe ameomba siku inayogombaniwa kuliko zote.

Kusi naye si farasi wa kusubiri. Farasi wengi waliokimbia mbio hutoka huko na kuta nyembamba za kwato, visigino vya chini na ncha ndefu mbele, na yeye ndivyo alivyo. Daktari na fundi walikubaliana kwamba miguu yake ishughulikiwe kila wiki sita. Ukwato wa farasi hukua milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, na kiatu cha chuma hakikui nao. Kadiri wiki zinavyopita, kiatu husukumwa mbele pamoja na ncha, kisigino kinabaki bila pa kuegemea, na misumari inaanza kulegea katika matundu yake. Farasi mwenye kwato nene huvumilia wiki ya saba na ya nane. Mwenye kuta nyembamba hulipia.

Jambo la mwisho la kuelewa ni sharti la mwenyewe. Farasi wake wa kwanza alimweka mahali pengine, na siku moja alimkuta kwato zimechongwa hadi zikatoka damu, wala hakuna aliyekiri kuwapo fundi alipokuja. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna atakayemgusa farasi wake bila yeye kusimama kando. Alipomleta Kusi kwetu, neno lake la kwanza kwa saisi lilikuwa: “Mzee, chochote kikitokea, nipigie kwanza. Usiguse.” Ninamwelewa kabisa. Aliyewahi kumkuta mnyama wake katika hali ile hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuona kwa macho yake.

Kutoka wiki ya sita hadi ya tisa

Viatu vya Kusi vilipigwa mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo zamu iliyofuata iliangukia katikati ya Januari. Mhasibu yeyote anajua Januari ni mwezi gani: hesabu za mwaka zinafungwa na wakaguzi wanasubiri mlangoni. Fundi alisema atakuwa Karen Jumanne asubuhi. Mama akaomba Jumamosi, fundi ana polo. Wakasogeza hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne. Siku hiyo fundi akacheleweshwa na farasi wa Lang'ata aliyekataa kuinua miguu ya nyuma, akafika kwetu saa saba mchana. Mama alikuwa amesubiri mpaka saa sita, akaondoka kwenda kwenye shughuli ya kifamilia asiyoweza kuikosa. Fundi akamkuta Kusi amefungwa kivulini, miguu safi, saisi tayari kumshika, na hakuna mwenye ruhusa ya kusema “fanya”. Simu ya mama haikushika. Fundi akapanda pikapu yake akaenda zake. Wiki ya saba ikawa inakwisha.

Miadi mpya ikawekwa Alhamisi ya wiki ya tisa. Jumatatu ya wiki hiyo saisi aliona kwamba kwenye ukwato wa mbele wa kushoto ncha mbili za misumari zimeinuka kutoka ukutani. Kwa mtu wa kazi hiyo, msumari ulioinuka ni kiatu kinachoaga. Hakuondoa, hakukunja, hakupiga nyundo, kwa sababu aliambiwa asiguse. Alipiga simu mara moja ikaita bila jibu, kisha akanyamaza, kwa sababu Alhamisi ilikuwa karibu na hakutaka kuonekana msumbufu kwa mama aliye kazini.

Jumanne Kusi alikuwa uwanjani. Ardhi ya Februari ilikuwa kavu na ngumu kama saruji, na ncha za kwato zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba mguu wa mbele ulikuwa unachelewa kuondoka chini kabla wa nyuma haujafika. Mguu wa nyuma ukakanyaga kisigino cha kiatu cha mbele. Kiatu kikapinda pembeni, kikang'oa kipande cha ukuta wa ukwato, na Kusi alipotua akaukanyaga msumari wake mwenyewe.

Siku nne baadaye alikuwa hawezi kuegemea mguu huo. Ukiweka kidole kwenye mshipa ulio nyuma ya kifundo, chini kabisa, uliusikia ukipiga kwa nguvu, na ukwato ulikuwa wa moto kuliko mwenzake. Daktari akafungua nyayo kwa kisu, usaha mweusi ukatoka. Akachoma sindano ya kinga ya pepopunda, kwa sababu tundu la msumari katika mguu wa farasi ni mlango mpana wa ugonjwa huo, akaagiza ukwato uloweshwe na ufungwe upya kila siku. Tazama basi ilivyogeuka: miadi ya muda wa saa moja tu iliyokosekana ilizaa wiki tatu za bendeji za kila siku.

Halafu likaja la chanjo, ambalo ndilo lililonitia hofu kweli. Maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo bandani tunayaita AHS, huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na huongezeka baada ya mvua kubwa. Farasi asiye na kinga akipata aina ya mapafu hufa, mara nyingi ndani ya siku chache, huku povu likimtoka puani. Sisi wa Karen na Lang'ata tunapakana na mbuga yenye punda milia, na punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Chanjo ipo na hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayozalisha chanjo za mifugo, lakini ni chanjo hai: hapewi mnyama mwenye homa au maambukizi, kinga yake huchukua wiki kadhaa kujengeka, na katika muda huo farasi hafanyishwi kazi nzito. Ndiyo maana mabanda yetu yote huchanjwa Februari, kabla ya mvua za Machi. Siku daktari alipokuja kuchanja, Kusi alikuwa na usaha mguuni. Akarukwa. Alichanjwa mwisho wa Machi, mvua zimeshaanza, na kwa wiki zile zote saisi alimfungia ndani kuanzia saa kumi na moja jioni, nyavu madirishani, dawa ya kufukuza wadudu mwilini. Alinusurika. Wengine miaka iliyopita hawakunusurika.

Nimeeleza mnyororo huu wote ili ionekane kwamba miadi ya farasi haikai kila moja peke yake. Ya kwato ilipochelewa, ya daktari ikazaliwa, na ya chanjo ikasukumwa hadi msimu wa hatari.

Tulipokaa kuhesabu

Mwezi Aprili nilikaa na mama huyu, saisi na daktari, tukaandika kila ziara ambayo Kusi anahitaji kwa mwaka. Kwato kila wiki sita ni ziara tisa hivi. Meno mara moja, na kwa farasi wa umri wake mwenye ncha kali daktari alipendelea mara mbili: farasi husaga majani kwa upande, kwa hiyo kingo za nje za meno ya juu na za ndani za meno ya chini huchongoka na kukata mashavu na ulimi, na lazima zipigwe tupa. Chanjo ya AHS, na ya pepopunda. Choo kupelekwa maabara kuhesabiwa mayai ya minyoo mara tatu au nne, ili apewe dawa anapohitaji tu. Fundi wa tandiko mara moja au mbili. Jumla ikakaribia ziara 18.

Sasa upande wa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Likizo hiyo inaweza kugawanywa kwa makubaliano, lakini kwa kawaida sehemu moja iwe wiki mbili za kazi mfululizo. Toa siku 10 hizo, zinabaki 11. Kila ziara ikimla nusu siku, na kwa foleni za Nairobi haiwi chini ya hapo, ziara 18 ni siku 9. Yaani mama huyu angetumia karibu kila siku yake ya ziada kusimama kando ya farasi akitazama fundi akipiga tupa. Mtoto akiugua au mzazi akilazwa, hana siku. Na ndivyo ilivyokuwa imetokea: siku za ruhusa zilimwishia Novemba, Januari ikamkuta mikono mitupu.

Daktari ndiye aliyeuliza swali lililotufungua macho. Alimwuliza mama: “Katika hizi 18, zipi hazifai bila wewe?” Tukazipitia moja moja. Choo cha maabara hakimhitaji. Chanjo haimhitaji, inamhitaji mtu atakayemwangalia farasi saa zinazofuata, na huyo ni saisi kwa vyovyote. Meno yanahitaji sindano ya kumtuliza, kwa hiyo idhini na historia yake ya afya, ambavyo vinaweza kutolewa kwa maandishi siku iliyotangulia. Fundi wa tandiko anamhitaji bila mjadala, kwa kuwa tandiko hupimwa mpandaji akiwa juu. Uchunguzi wa kuchechemea unamhitaji, maana yeye ndiye anayejua farasi alijisikiaje chini yake wiki nzima. Kwato za kawaida, na fundi anayemjua Kusi, hazimhitaji. Zinahitaji macho yake baadaye.

Zikabaki kama nne kwa mwaka.

Karatasi ya ruhusa

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo wenye farasi wengi wanapopakwepa. Kupunguza ziara za kuhudhuria ni rahisi kusema. Kumwachia mtu mwingine uamuzi juu ya mnyama unayempenda ni kugumu, na kwa mtu aliyewahi kuumizwa ni kugumu maradufu.

Tuliandika ukurasa mmoja. Unasema saisi anaweza kumruhusu fundi aliyetajwa jina afanye kazi ya kawaida. Unasema saisi akiona msumari umeinuka au kiatu kimelegea, ana ruhusa ya kukiondoa kwa vifaa vilivyoko bandani na kuufunga ukwato, bila kusubiri simu. Fundi alimfundisha kukiondoa vizuri: kunyoosha ncha za misumari kwanza, kisha kung'oa kuanzia kisigino kuelekea mbele, bila kuzungusha. Unataja kiasi cha fedha ambacho daktari anaweza kutumia kabla ya kumpata mama, na kilichozidi hapo lazima asikike mtu. Na mtu huyo hawezi kuwa mama peke yake: kuna namba ya pili, ya kaka yake, aliyekubali kupokea simu saa yoyote na kuamua.

Kifungu cha mwisho kilichukua muda mrefu kuliko vyote. Farasi akipata msokoto wa tumbo usiku wa manane, utumbo ukajifunga, maumivu yake hayaelezeki, na saa chache ndizo zinazoamua. Nini kifanyike ikiwa daktari ameona hakuna tumaini na mama yuko ndani ya ndege? Mama alilia tulipofika hapo, na sikuona aibu kumngoja. Mwishowe aliandika kwa mkono wake kwamba daktari akithibitisha mnyama anateseka bila tumaini la kupona, na yeye na kaka yake hawapatikani ndani ya nusu saa, daktari ampumzishe. Saisi aliomba jambo moja liongezwe: kwamba uamuzi huo usije ukawa wake. Alisema, “Mimi nitamshika kichwa, lakini neno lisitoke kwangu.” Likaandikwa hivyo hivyo. Ninashikilia kwamba kila farasi anayelala mbali na mwenyewe lazima awe na kifungu hiki, na kiandikwe siku ya amani.

Mambo mawili ambayo hayakuandikwa lakini yalikuwa na uzito ule ule. La kwanza, saisi aliongezewa mshahara. Mtu akipewa jukumu la kuamua, alipwe kama mwenye kuamua, na mama hakubishana. La pili, mama alimwambia saisi mbele yetu sote: “Mzee, ukiondoa kiatu ambacho kingeweza kusubiri, sitakuuliza.” Bila maneno hayo karatasi isingefanya kazi. Mtu aliyezoea kulaumiwa kwa kugusa haanzi kugusa kwa sababu ya sahihi. Anahitaji kusikia kwamba akikosea kwa upande wa tahadhari atasimamiwa.

Miadi yenyewe inavyopangwa sasa

Fundi alikuwa na yake ya kusema, na hatukuwa tumemwuliza kamwe. Alitueleza kwamba anapanga wiki kwa maeneo: siku ya Karen, ya Lang'ata, ya Limuru. Farasi mmoja anayehamishwa kutoka Jumanne hadi Jumamosi humharibia mzunguko mzima, na ndiyo maana huyo huwa wa mwisho kupewa nafasi nzuri. Alichotaka ni siku isiyobadilika, farasi aliyekaushwa miguu, sakafu ngumu iliyo sawa, kivuli, na malipo siku hiyo hiyo. Tukampa Jumatano moja kila wiki sita kwa mabanda yote, na miadi inayofuata huandikwa ukutani kabla hajafunga boksi la vifaa. Mama hulipa kwa M-Pesa akiwa mezani pake mara tu saisi anapotuma neno kwamba kazi imekwisha.

Kusi alipewa nafasi ya kwanza ya siku, saa moja asubuhi. Hili nalisisitiza kwa kila mwajiriwa: omba farasi wako awe wa kwanza. Ucheleweshaji wa fundi hujengwa na farasi wanaotangulia, na wa kwanza hana anayemtangulia. Zaidi ya hayo, siku mama anapotaka kuhudhuria, saa moja ndiyo saa pekee anayoweza kuja bila kupoteza siku ya kazi.

Wiki sita wakati mwingine huangukia mwisho wa mwezi. Kanuni yetu ni kurudi nyuma. Zamu ikigongana na vitabu huletwa wiki ya tano, haipelekwi ya saba. Inagharimu ziara moja zaidi kwa mwaka, na ukilinganisha na bendeji za Februari ni gharama ndogo mno.

Badala ya kusimama kando, mama sasa hupokea video mbili. Ya kwanza kabla ya kazi, ya pili baada yake, kila moja ikimwonyesha Kusi akiongozwa moja kwa moja kwenye sakafu ngumu, akienda na akirudi, kamba imelegea ili kichwa kiwe huru. Fundi ndiye aliyefundisha namna ya kupiga: simu ishikwe chini, usawa wa magoti, isimfuate farasi. Kisha picha za kwato nne kutoka mbele, pembeni na chini. Ziara ya tatu mama aliona kwenye picha kwamba kisigino kimoja kiko chini kuliko mwenzake, akamwuliza fundi kwa ujumbe, na fundi akamweleza kwamba anakirudisha pole pole kwa zamu tatu. Mazungumzo hayo hayakuwahi kutokea miaka yote aliyokuwa akisimama kando, kwa sababu alikuwa akitazama saa.

Jumatatu asubuhi saisi hutuma taarifa yake: joto la mwili, ambalo kwa farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, kama amemaliza chakula, choo kikoje, rangi ya ufizi, na ncha za misumari. Joto lina sababu yake hapa kwetu, maana kupe huleta homa inayoharibu damu, na ufizi uliopauka au wa manjano ukionekana siku ya kwanza huokoa maisha. Mwezi Julai taarifa moja ilikuja na joto la 39.4. Saisi alikuwa ameshampigia daktari kabla ya kumwandikia mama, kama karatasi inavyomruhusu. Mama alisoma ujumbe akiwa kikaoni, daktari akiwa tayari njiani.

Upande wa mwajiri ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Mama alimpelekea bosi wake tarehe nne za mwaka mzima kwa mara moja, zote mbali na mwisho wa mwezi, akaeleza kwamba siku hizo ataingia saa nne na kufidia jioni. Bosi alikubali papo hapo. Kilichokuwa kikimchosha bosi, alisema, ni kuombwa ruhusa saa tatu asubuhi kwa ajili ya siku hiyo hiyo.

Kuna waliomshauri mama aondoe viatu kabisa ili aachane na fundi. Ushauri huo haumsaidii mwajiriwa. Ukwato usio na kiatu nao huchongwa kila baada ya wiki chache, na kwa nyayo nyembamba kama za Kusi kipindi cha kuzoea ni kirefu na kinataka uangalizi wa kila siku. Kama ni kufaa au kutofaa, liamuliwe na miguu ya farasi, lisiamuliwe na kalenda ya ofisi.

Kilichobaki

Meno bado yanatusumbua. Daktari anayefanya kazi hiyo huitwa kila upande, na mara mbili amehamisha tarehe kwa sababu ya dharura za kweli. Mama ameacha idhini ya maandishi ya miezi sita, kwa hiyo daktari akipata nafasi ghafla tunaweza kumtumia. Fundi wa tandiko tunamwita Jumamosi na tunasubiri foleni kama wengine.

Na lipo la saisi mwenyewe. Tulipomaliza kupanga tuligundua kwamba mpango mzima umemwegemea mtu mmoja, naye ni mwajiriwa mwenye siku zake 21 kama mama wa Upper Hill. Agosti alitaka kwenda nyumbani Kakamega kwa harusi ya binti yake, akasita kuomba kwa sababu ya Kusi. Nilimwambia aende. Kijana wa banda la pili alikaa naye zamu mbili za fundi kabla ya safari, akajifunza kushika, kupima joto, kupiga video na kuondoa kiatu, na jina lake likaongezwa kwenye karatasi kwa sahihi ya mama. Jumatano ya zamu ilipofika saisi akiwa Kakamega, fundi alianza saa moja na dakika kumi, na kabla ya saa mbili na nusu Kusi alikuwa amerudi uwanjani.